Dole Linachuma Kesho au Halichumi?

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, ila jambo hili limenijaa kifuani na siwezi kukaa nalo. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mliochaguliwa kushika simu ya chama, kiwe cha kahawa huku milimani au cha wavuvi kule Mbamba Bay. Mimi si mzee. Nasaha hii ni ya bibi yangu, Bibi Mektilda, nami nawapa kama nilivyopewa.

Naiona bado Jumanne ile ya msimu uliopita. Mchana, mtambo wa chama chetu hapa Kitura, ule wa kumenya kahawa mbivu, ulikatika mkanda, na mkanda mpya ungefika Alhamisi kutoka Mbinga mjini. Kahawa ikishachumwa haisubiri. Ikilala kwenye gunia inachacha, na jasho la mwaka mzima linaishia kunuka. Nasi Jumatano ndiyo tuliyokuwa tumepanga kuchuma. Kwa hiyo ilibidi kila mwanachama ajue siku ileile kwamba asichume.

Katibu wetu, kaka Osmund, anapenda mambo mapya. Ndiye aliyetufungulia kundi la Wasapu, na simu ya chama akanipa mimi. Niliipokea kwa furaha kwa sababu kuandika hakunilazimu kusimama mbele za watu. Siku ile alitengeneza bango kwa akili mnemba, akaja nalo nyumbani akitembea haraka kama mwenye harusi. Kweli lilipendeza. Mtambo unang'aa, mkulima anacheka, na chini kabisa maneno madogo ya tangazo. Bibi, ambaye ni mjumbe wa kamati, akavaa miwani.

"Huyu mwenye meno mengi hivi ni mtoto wa nani?"

"Si mtu, bibi. Kompyuta imemchora."

"Ndiyo maana kahawa yake imeota kwenye tambarare. Akija huku atabingirika mpaka mtoni."

Osmund akacheka, akaniambia nitume. Nikatuma. Mara kundi likajaa madole gumba, moja juu ya jingine, na watu wakaanza kuulizana yule mkulima ni wa kijiji gani. Osmund akafurahi sana.

"Unaona, bibi? Wote wamepata."

"Mzee Bathromeo, mwenye shamba la vibarua, kasemaje?"

"Kaweka dole."

"Dole linachuma kesho au halichumi?"

Osmund akaitazama simu. Ndipo bibi akatukalisha. Akasema wao walipokuwa wasichana walikuwa wakiitana kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Ukipeleka habari ya msiba, huingii ndani mpaka wa ng'ambo akurudishie kwa mdomo wake alichosikia. Akirudisha vibaya, unaita tena. "Ninyi mmeita, mkaingia ndani mkafunga mlango," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, sema wewe. Kwa sauti yako, kwa Kimatengo chetu."

"Bibi, kwa nini mimi? Katibu yupo."

"Osmund akisema anahutubia. Wewe utasema kama mtu anayeomba chumvi."

Darasani nilikuwa najibu huku nimeinama, na sasa nyumba zote za chama zingenisikia. Nikabonyeza, nikasema mtambo umeharibika, kesho tusichume, tuchume Alhamisi asubuhi. Nikamalizia: naomba kila mmoja arudishe kwa sauti yake alichosikia.

Nikatamani kuifuta. Kisha ikaingia sauti ya Mzee Bathromeo, na jogoo wake akiwika nyuma yake.

"Sasa mbona mnanichanganya? Nimeona mtambo mpya unang'aa, nikajua mmeshanunua. Vibarua wangu wa kesho nimeshawaita."

Nikarekodi tena: "Babu, shikamoo. Mtambo ni uleule, na umekufa. Waambie vibarua waje Alhamisi." Akarudisha yote vizuri, akaongeza kwamba kumbe nina sauti, alidhani nilizaliwa bila.

Baada ya hapo zikafuatana. Mama Winfrida alirudisha habari huku mtoto analia, akamalizia kwa kumwomba jirani chungu chake. Mwingine alisema amewapitia wenye simu za batani, nao wamerudisha. Nilikuwa nahesabu majina kwa vidole, nacheka peke yangu. Akabaki Mzee Kandidus, aliye ng'ambo ya korongo na hana simu kabisa. Bibi akatoka uani, akaita. Jibu likarudi kutoka ng'ambo, refu, neno kwa neno.

Alhamisi mtambo ulinguruma hadi usiku, na kahawa iliingia nyekundu, hakuna debe lililochacha. Osmund bado anatengeneza mabango, ila sauti inatangulia. Na siku hizi anapiga picha za kweli. Ya kwanza alimpiga Bathromeo, na yule hana meno mengi.

Basi, mdogo wangu, sikia. Simu inaweza kufikisha neno lako kila nyumba kabla hujavuta pumzi, na mimi jambo hilo bado linanifurahisha kila siku. Lakini kazi ya chama si kutuma. Sema kwa lugha wanayoongea wakiota moto jikoni, sema kifupi, kisha ubaki mlangoni usikilize. Usihesabu walioona, hesabu waliorudisha. Na kama una aibu kama mimi, usiifiche sauti yako, kuna watu wanaisubiri.

Mungu awape vinywa vyepesi na masikio mapana, na mazao yenu yasichachie kwenye gunia.

Sasa nimeita. Niandikieni mnirudishie, kwa maneno yenu, mlichosikia. Nami siingii ndani.