Jina Nililomnyima Mtoto

Usiku ule nililala nikiwa nimemnunia kila mtu, na Mungu ndiye niliyemnunia zaidi. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Jioni yake Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alipita na daftari kukusanya majina. Huku kwetu milimani tuna desturi: alfajiri ya Pasaka tunakusanyika makaburini, tunaimba mpaka jua lichomoze, kisha yanasomwa majina ya wote waliotutoka tangu Pasaka iliyopita. Mzee aliuliza kama nyumba yetu ina jina la kuandikwa. Mume wangu, Gwakisa, aliniangalia, akasubiri. Nikasema, "Hatuna."

Nilidanganya. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimejifungua binti. Ilikuwa mimba yangu ya tatu, na ya kwanza kufika mwisho, lakini mtoto alitoka bila pumzi. Wanawake walimzika siku ileile nyuma ya migomba, bila ibada, maana huku mtoto asiyelia hahesabiwi msiba. Unaletewa uji, unaambiwa utapata mwingine. Nami nilikuwa nimefunga, nimeombewa, nimewekewa mikono mpaka kichwa kikauma. Tangu siku hiyo kanisani nilikwenda ili majirani wasiseme, basi.

Jina nilikuwa nalo. Nililichagua mimba ikiwa ya miezi sita, sikumwambia mtu yeyote. Lilikuwa jina la furaha, na niliona kumwita marehemu kwa jina la furaha ni kujitafutia kuchekwa. Nikalimeza.

Nilipopitiwa na usingizi nilijikuta jikoni kwa bibi yangu Tumpe, ambaye alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa ananawa mikono, mpaka viwikoni, taratibu, kama alivyonawa kila alipoitwa kuzalisha. Nilimwamkia. Aliitikia bila kugeuka, akaendelea kunawa.

Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa bonde letu walipokelewa na mikono ile, na wanaume wazima wenye vitambi aliwaita kwa majina yao ya utotoni mbele ya wake zao. Kila mtoto aliyempokea alipewa jina hapohapo, aliyelia na asiyelia. Nikiwa msichana nilimsikia kule makaburini akimkatiza aliyekuwa anasoma: "Umeruka watatu." Alielezwa kwa upole kwamba hao hawamo kwenye kitabu cha kanisa. Hakubishana. Alisogea mbele akawataja mwenyewe, kwa sauti ya mama anayeita watoto waje kula, na tangu mwaka ule mpaka alipofariki hakuna aliyethubutu kufunga ibada kabla Bibi hajamaliza. Mimi sijapata kuona moyo kama ule. Alipoondoka yeye, hakuna aliyeendelea.

Alipomaliza kunawa alijifuta kwa kanga, akatoka, nami nikamfuata. Nje hapakuwa na uwanja wake tena. Tulikuwa katika chumba cha wazazi kule zahanati, mbele ya kitanda kilekile nilichojifungulia, kimetandikwa shuka safi na hakuna mtu. Nilitaka kugeuza. Bibi alinishika mkono, akanipitisha kando ya kitanda, na mlango wa upande wa pili ukatutoa makaburini.

Jua limeshawaka. Mvua imekatika sasa hivi, udongo unanata miguuni, na Bibi ana tope mpaka vifundoni. Amezungukwa na watoto, wengi, wa kila kimo, nao wametulia namna ambayo watoto hawatulii. Bibi anawaita mmoja mmoja. Kila anayeitwa anaitika. Nasikia majina ninayoyajua, ya wale watatu, na mengine ambayo sijawahi kuyasikia, na manne ya mwisho anayataja kwa sauti ya chini zaidi. Ndipo ninapokumbuka kwamba Bibi alizika wanne wa tumbo lake kabla hajampata mama yangu.

Kisha anafika kwa mdogo kuliko wote. Ana umbo la mtoto wa miezi mitano, lakini amesimama wima peke yake, ananitazama. Bibi ananigeukia.

"Bibi, huyo hana jina," nasema.

"Mwongo wewe. Unalo, umelifungia."

Hapo napandisha hasira. Namwambia yote: kufunga, maombi, ile mikono kichwani mwangu, na ukimya niliojibiwa. Namwambia nimechoka kutumaini kwa sababu kila nikitumaini naumia zaidi. Ananisikiliza mpaka naishiwa. Hanikemei, na haniambii nitapata mwingine.

"Unadhani mimi nilikuwa naita kwa kuwa siumii?" anasema. "Niliita huku naumia, Atu. Yesu alitoka kaburini. Kama ni kweli, hawa hawajapotea. Kama si kweli, tulifuata nini kule alfajiri na baridi yote ile?"

Naona aibu, na chini ya aibu kuna kitu kingine ambacho sijakihisi tangu siku ile ya zahanati. Ni kama damu inarudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Inachoma, lakini ni uhai.

"Asubuhi ile ya ufufuo Bwana atamwita kwa jina," anasema Bibi. "Wewe mama yake utakuwa hulijui?"

Mtoto bado ananitazama. Bibi na watoto wote wanangoja, na ninaelewa kwamba hili hataweza kunifanyia. Nafungua mdomo. Nalivuta jina kutoka huko nilikolizika, nalivuta kwa nguvu niliyomsukumia mtoto mwenyewe, na ninalitamka.

Niliamka nikiwa nimekaa kitandani, uso umelowa, neno lingali mdomoni. Dirishani kulikuwa kumeanza kupambazuka. Gwakisa alikuwa macho.

"Umesema nani?" aliniuliza.

"Tusekile. Ndilo jina la mtoto wetu."

Kwa lugha yetu ni kusema tumefurahi. Nilingoja ashangae, au anionee huruma. Badala yake alilia, mume wangu ambaye miezi mitano sikumwona akitoa chozi, na mimi nilimshika kichwa mpaka akatulia. Kisha aliinuka, akavaa sweta, akatafuta viatu gizani.

Aliniambia anakwenda kwa Mzee Ambakisye jina liandikwe, kabla mzee hajatoka kwenda shamba. Mlangoni alisimama, akalijaribu jina lote kwa sauti, pamoja na lake.

"Tusekile Gwakisa," alisema, akatoka.