Mitume Kumi wa Mama Milembe

Swali la kwanza nililomuuliza Mama Milembe lilikuwa, "Ni nani aliyekuumba?" Naye akanitazama, mkononi ana tumba la pamba, akasema, "Kwani wewe hujui?"

Nikamwambia, "Najua, mayu," yaani mama kwa Kisukuma chetu. "Majibu yote ninayajua. Nataka kuyasikia kwako."

"Sasa mtu anayejua anauliza nini?"

Mimi nimesoma hadi darasa la saba kule Shishiyu, na katekisimu nilifundishwa nikiwa mtoto. Mwalimu anauliza, sisi tunajibu kwa pamoja, tukimaliza tunakwenda kucheza. Sikuwahi kufikiri kwamba ni ajabu mtu kuuliza anachokijua. Lakini kwa mama wa miaka sabini na kitu ilikuwa ajabu, na baadaye nilikuja kuona kwamba lile jibu langu la siku ya kwanza ndilo lililotupoteza sote wawili.

Milembe alizaliwa upande wa Mwandoya, binti wa wafugaji, akaolewa kwa ng'ombe kumi na wanane na Luhende, akiwa mke wa pili. Alilima pamba tangu mgongo umenyooka mpaka ukapinda. Luhende alibatizwa kitandani mwaka aliokufa, akazikwa kwa misa. Milembe akaja Bariadi kukaa kwa mwanawe Joakim, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na Jumapili ya kwanza tu akanifuata kanisani. Tangu hapo hakukosa. Wakati wa komunyo kina mama wote wa benchi letu wanainuka, wanamwachia mikoba yao. Anaikusanya mapajani, anaikumbatia.

"Mwanangu Felisita," aliniambia siku moja, "nyie wote mnakwenda kwa Yesu, mimi nimekuwa mlinzi wa mikoba. Hata askari hupewa likizo."

Akaandikishwa kwa mafundisho ya ubatizo. Mwaka wa kwanza katekista wetu, Mwalimu Athanasi, hakumpitisha, akamwacha. Mwaka wa pili akamwacha tena. Sababu ilikuwa moja: mitume. Aliulizwa walikuwa wangapi, akajibu kumi na wawili. Akaambiwa awataje, akataja kumi. Athanasi ni mtu mzuri ila ni mtu wa vema na kosa. "Mitume kumi si mitume," alisema. "Hata kwenye mpira timu haijatimia."

Milembe akaniambia, "Nikiachwa mara ya tatu narudi Mwandoya. Nitakufa hivyo hivyo, Mungu atajua pa kuniweka." Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa, kwa sababu mtu wa hasira hurudi.

Basi nikachukua kazi ya kumfundisha mwenyewe, kila Jumatano baada ya chakula. Tulitandika turubai ukutani penye kivuli, tukachambua pamba, safi huku, chafu kule, sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga katikati yetu. Mimi nauliza, yeye anajibu. Mungu ni mmoja, nafsi tatu: anajua. Amri kumi: anazisema kama anahesabu ng'ombe wakiingia zizini. Sakramenti saba: hakosi hata moja. Dhambi ya asili, ambayo mimi mwenyewe nikiulizwa ghafla najikwaa, yeye anaieleza mpaka unamwonea Adamu huruma.

Tukifika kwa mitume, kumi.

"Petro, Andrea, Yohane, Filipo, Bartolomeo, Tomaso, Matayo, Simoni, Tadei, na yule Yuda wa fedha." Kisha ananitazama kama mtu aliyemaliza vizuri.

"Bado wawili, mayu."

"Eee, bado wawili."

"Ni nani hao?"

"Unawajua."

Nikamwambia basi afuatishe ninavyotaja. Tulikwenda vizuri, Petro, Petro, Andrea, Andrea. Nikasema Yakobo. Akainuka, "Kuku wanakula pamba!" akaenda kuwafukuza. Kuku gani anakula pamba? Aliporudi nikaanza upya, na pale pale akapatwa na kikohozi, akavuta kitenge mpaka kikafunika uso.

Nilichanganyikiwa. Nilifikiri ni uzee. Lakini mzee gani anasahau wale wale wawili kila wiki na kukumbuka Bartolomeo? Tukaja kwenye Agano la Kale. Nikamuuliza, "Isaka alizaa watoto gani?" Akajibu, "Esau na mdogo wake."

"Mdogo wake anaitwa nani?"

"Si yule aliyepika dengu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikafikiri labda ananifanyia mzaha, kisha nikaona hapana, macho yake yalikuwa na machozi kidogo. Nikafikiri labda shetani anamfunga ulimi, nikasali novena. Namwomba Mungu anisamehe, wiki moja nilimfokea. Nilisema, "Mayu, kama hutaki ubatizo sema!" Akamaliza kuchambua tumba lililokuwa mkononi, akasema, "Ninautaka. Ndiyo maana navumilia unavyonijaribu." Nikarudi nyumbani nalirudia neno hilo, unavyonijaribu, nisijue ni kwa nini aseme namjaribu mimi ninayemsaidia.

Mtihani ulikuwa Jumamosi kabla ya Pentekoste. Padre Respicius angeuliza mwenyewe. Yeye ni Mhaya kutoka Bukoba, bado mgeni kwetu, Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu. Ijumaa alifika Anna kutoka Mwandoya, wifi yake Milembe, dada wa marehemu Luhende. Aliolewa na Mkatoliki, akamfuata mumewe kanisani, na ndiye aliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo. Mwanamke mnene, mcheshi, amekuja na kuku wa sherehe tayari.

"Wifi, ukishindwa kesho huyu jogoo namrudisha," alisema.

"Mrudishe tu," Milembe akajibu. "Naye apate kuishi."

Jumamosi tukaingia ofisini kwa padre, Milembe, Anna na mimi. Mwalimu Athanasi alikuwa mezani na daftari. Padre akauliza kwa upole, Milembe akajibu yote, wakati mwingine kabla swali halijaisha. Padre akatabasamu. Halafu Athanasi akakohoa, akasema, "Padre, mitume."

"Haya bibi, nitajie mitume wa Bwana."

Akaanza. Mimi nilihesabu kwa vidole chini ya kanga. Kumi. Akaishia hapo.

"Wawili wako wapi?" padre akauliza.

"Wapo, Padre. Hawajaenda popote."

"Basi wataje."

"Siwezi."

"Umewasahau?"

"Nitawasahauje watu ninaowakwepa kila siku?"

Athanasi akaweka kalamu chini. "Ni yale yale, Padre. Huu mwaka wa tatu."

Padre akanitazama mimi mwalimu wake. Mimi nilikuwa naona giza. Nikamwambia Milembe, "Mayu, nakuomba. Sema majina mawili tu, kesho uwe umebatizwa."

Hapo akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika. "Felisita, wewe ni Msukuma kama mimi. Siku ya kwanza uliniambia majibu yote unayajua. Nikasema huyu anajua, ananipima kama nitavunja mwiko. Mmenifundisha nisishindwe na kishawishi, nami sijashindwa. Miaka mitatu sijashindwa! Kumbe mnataka nishindwe? Kama mnayataka hayo majina, wifi yangu huyu hapa. Yeye anaweza, ni la baba yake."

Tukamgeukia Anna wote.

"Baba yako aliitwa nani?" padre akauliza.

"Mayunga," Anna akasema. "Hilo la nyumbani. Alipobatizwa kule kwa Waprotestanti wakampa Yakobo."

Milembe alikuwa ameshajifunika kitenge uso wote.

Nikashika kichwa. Kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake, hata akifa, hata liwe la mtu mwingine. Hilo sikufundishwa na mtu, nililikuta nyumbani kama nilivyoikuta mvua. Mjukuu wake mkubwa, mtu mzima mwenye watoto, anaitwa Mayunga, na Milembe humwita "mkwe" mbele yangu siku zote. Nilijua. Ila la Yakobo sikulijua, Bariadi hakuna aliyewahi kulitaja. Na mitume wenye jina hilo ni wawili. Toa wawili katika kumi na wawili.

Nikamweleza padre. Akasikiliza, akauliza tena, nikaeleza tena. Athanasi, ambaye mama yake ni Msukuma, alikuwa ameinamia daftari lake kwa aibu, lakini hakukubali upesi. "Padre, mtume ni mtume. Yakobo wa Zebedayo si baba mkwe wa mtu wa Mwandoya. Tukiruhusu hili, kesho mwingine atasema mkwe wake ni Petro."

"Na amri ya nne?" Milembe alisema ndani ya kitenge. "Waheshimu baba na mama. Si nyie mlionifundisha?"

Padre alipangusa miwani, akaivaa, akaivua akapangusa tena. Niliona kwamba hata yeye hakuwa na hakika. Mwisho akasema, "Mwalimu, andika amefaulu."

"Niandike mitume wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Padre, ametaja kumi."

"Wawili ametajiwa na wifi yake. Andika, Athanasi."

Athanasi akaandika, taratibu, kama mtu anayeandika deni la mwenzake. Tulipotoka alimfuata Milembe barazani, akampa mkono kwa mikono miwili, akasema, "Bibi, nisamehe ile ya mpira." Anna akamwambia, "Baba, njoo ule jogoo."

Kesho yake, wakati wa litania, nilisimama karibu na Milembe roho juu. Kwaya ikafika kwa Mtakatifu Yakobo. Akainamisha kichwa kama anayepishana na mkwe njiani, kisha akaitikia na wote, "Utuombee," kwa sauti kubwa. Akabatizwa Apolonia. Ilipofika komunyo benchi letu lote lilinyanyuka, yeye mbele, na mikoba ikabaki peke yake. Klementina jirani yangu alisita, akaitazama mikoba, akanitazama. Nikamsukuma, "Twende, haitaibiwa." Hata hivyo niligeuka mara mbili kuitazama.

Mimi baba mkwe wangu aliitwa Mayala. Mwaka jana nililitamka jina hilo mara ngapi, sokoni, kwenye mkutano, bila kukohoa hata kidogo? Sijui. Na sijui kama nilikosea, au Milembe ndiye aliyezidisha. Nimelipeleka jambo hilo kwenye sala na halijarudi na jibu.

Jumatano iliyofuata nilimkuta ameshatandika turubai. Nikamwambia, "Mayu, masomo yamekwisha."

"Yako yamekwisha. Leo nauliza mimi." Akanisogezea michembe. "Nikifika mbinguni nitamkuta baba mkwe, na wale wawili nao wapo. Watatu wamekaa pamoja. Nitawasalimuje?"

Nikatafuna michembe yangu pole pole.

"Kwani wewe hujui?" nikamuuliza.

"Mimi sijui," alisema. "Ndiyo maana nauliza."