Jibu la Bintu Chini ya Kilio

Colombe ni jirani yangu hapa mutaa wa Nguba, tunaimba pamoja katika kwaya ya wamama. Kazi yake ni uuguzi katika kituo cha afya. Zamani alikuwa anacheka mpaka tunamunyamazisha kanisani. Siku hizi simu yake ikikaa kimya, ndipo anaogopa.

Pale kituoni madaktari na wauguzi wanaandikiana katika kundi moja la WhatsApp. Labo, chumba cha vipimo, ikimaliza kupima, inatuma majibu humo, hata kama mugonjwa amekwisha kurudi kwake. Basi akaja Venant, mwanafunzi wa udaktari, akaruhusiwa kusoma ule ujumbe wao ili aone mugonjwa anaweza kusahaulikia wapi. Wauguzi wakamutania kama mujomba wao:

“Tonton Venant, umekuja kutushitaki?”

“Hapana, wamaman. Natafuta shimo kabla mutu hajaanguka.”

Asubuhi moja alikuwa ameketi na Colombe, anasoma ujumbe wa siku zilizopita. Kidole kikasimama.

“Maman Colombe, huyu Bintu mwenye mimba, ni nani alimuita?”

Colombe akaangalia. Tansio ya Bintu, musukumo wa damu, ilikuwa juu, na sasa labo ilisema mukojo wake ni mubaya. Alipaswa kurudi mara moja. Lakini chini ya lile jibu kulikuwa na habari ya kifo: baba ya dokta Gaston wa kituo chao amefariki. Kisha pole, na pole tena, na picha za mishumaa, na maombi. Hakuna aliyegusa jibu.

“Nililiona,” Colombe akasema polepole. “Lakini utatia aje mambo ya mukojo mu kilio ya mutu? Nikasema Micheline atamuita.”

Micheline, muuguzi mwenzake, akashika kichwa. “Na mimi nikasema ni wewe!”

Ndivyo tulivyo. Mwenzetu akifiwa, kazi inanyamaza kwa heshima.

Wakapiga simu ya Bintu: imezimwa. Alikuwa amekwenda mbali, Walungu, kwa mama yake kungojea kuzaa. Colombe akapanda pikipiki na blouse yake nyeupe ya kazi mwilini, anasali kwa sauti njia yote.

“Maman, unaniogopesha,” dereva akasema. “Ni mimi naendesha ao ni Yesu?”

“Muendeshe wote wawili, mwanangu. Kimbia!”

Walimukuta Bintu ameketi mulangoni, uso umevimba, macho hayaoni vizuri. Akamutambua Colombe kwa sauti.

“Mulisema kama kuko tatizo mutaniita,” akasema. “Hamukuita. Nikajua niko muzima.”

Colombe akamushika kwapani, dereva upande mwingine. Wakamubeba mpaka hospitali, na mulango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Aliniambia kwamba pale inje alisahau hata maneno ya Baba Yetu. Alikuwa anasema tu, “Bwana, Bwana,” mpaka akasikia mutoto akilia, sauti ndogo kama ya kifaranga. Kisha akangojea tena, kwa kuwa hakuna aliyemuambia habari ya mama.

Walipomuambia, akafungua simu. Pole zilikuwa zingali zinaingia. Akaandika katikati yao: “Jibu la Bintu hatukumupatia. Nimemufikia Walungu. Yeye na mutoto wako hai.”

Pole zikakoma. Akaona amemukosea mufiwa.

Ndipo dokta Gaston akaandika, yeye mwenyewe, kutoka kwenye matanga: “Asante. Hata ile siku ya kilio, mungeniita juu ya Bintu.”