Keki za Sajini Prosser

Jeshi la polisi la mkoa mmoja wa Wales limetamka, kwa maandishi yaliyobandikwa ukutani katika kila kituo, kwamba askari yeyote atakayelalamika kwa nia njema atalindwa, wala hakuna atakayemgusa.

Nerys Maddox alilalamika kwa nia njema. Alisema Inspekta wake anapiga mahabusu. Wiki mbili baadaye akahamishiwa ghala la vitu vilivyookotwa, kutunza miavuli. Akalishtaki jeshi kwenye baraza la kazi, akashindwa, kwa sababu Sajini Alun Prosser aliapa kwamba hakumsikia Inspekta akisema, "Huyu akaozee ghalani." Alun alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Nerys alipokata rufaa, Alun aliomba likizo ya siku moja, akavaa suti yake ya mazishi, akapanda treni kwenda London kusema kweli.

"Umekuja kumshangilia bosi wako?" Nerys alimuuliza nje ya mahakama. Walikuwa wamepiga doria kwenye gari moja miaka kumi na miwili.

"Nimekuja kutoa ushahidi. Ule wa kweli."

Wakili wa Nerys aliguna. "Sajini, rufaa haisikilizi mashahidi. Humu tunabishania sheria tu. Ila njia ipo, nyembamba: andika sasa hivi kwamba uliapa uongo, utie sahihi, nimwombe jaji aupokee ushahidi huo."

Akampa kalamu. Alun akaishika. Pensheni yake ilibakiza miaka minne.

"Hebu nikanywe maji kwanza."

"Nenda kanywe, Alun," Nerys alisema. "Nakujua mie. Kiu hiyo ni ya miaka minne."

Maji hayo aliyanywa kwenye treni ya kurudi nyumbani, kalamu ya watu ikiwa mfukoni.

Rufaa ilitupwa. Jaji aliandika kwamba baraza halikukosea kumwamini Sajini Prosser, shahidi mnyofu.

Kituoni kwao, aliyeboronga kazi hununulia wenzake keki za chai. Jumatatu Alun aliingia na trei mbili.

"Lo, mzee! Umeboronga nini tena?"

"Kitu kidogo."

"Trei mbili kwa kitu kidogo? Au umemtia pingu askofu?"

Wakacheka, wakala. Inspekta alichagua yenye jamu, akamshukuru kwa jina lake la kwanza. Alun alisema ameshashiba.

Mwaka ule kituo hakikupokea lalamiko hata moja kutoka kwa askari wake.