Ushuhuda Usiofutika

Katika kanisa letu la Kikula, ushuhuda una sheria ambayo haikuandikwa popote. Muumini husimama, hutamka dhambi yake, mkutano humwombea, na neno hilo huishia palepale. Anayelirudia sokoni huhesabiwa mchonganishi. Nilikua nikiijua sheria hiyo. Lakini nilirudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi nikiwa na imani nyingine pia: kwamba watu wetu hupoteza kumbukumbu zao kwa sababu huziweka mikononi mwa mtu mmoja. Simu yenye rekodi zote za sauti za ibada zetu, shuhuda zikiwemo, ilikuwa imeibwa. Kwa ruhusa ya mchungaji, nilipeleka rekodi mpya kwenye mtandao wa blockchain, ambako kila faili hukatwa vipande na nakala zake hugawiwa kompyuta za watu wasiojuana, katika nchi nyingi, bila yeyote mwenye uwezo wa kuzifuta. Anwani yake niliituma kwenye kundi la simu la waumini.

Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, alinijia mikono ikiwa bado na unga wa bukari, ugali wa kwetu.

"Mutoto wangu, ile ushuhuda yangu, uitoshe mule, uifute."

Katika ushuhuda huo alikiri kwamba mumewe alipougua, alimshitaki yatima waliyekuwa wakimlea, binti wa marehemu shemeji yake, kuwa mulozi, mchawi, akamfukuza. Binti alikulia kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele, akiamini kuwa alipelekwa kule ili asiambukizwe ugonjwa ule. Sasa ni mwanamke mzima, bado humwita mama mdogo "mama", na mchungaji alikuwa amemwingiza juzi kwenye kundi letu.

Nilimweleza kwamba haiwezekani, kwa kuwa nakala ziko kwenye kompyuta za watu wengi.

"Chef wake, mukubwa wake, ni nani? Twende tumuone."

"Haina na chef, mama."

"Haina na chef? Hata mu carrière ya Kambove, kwenye bachimbaji banaibana mpaka viatu, kuko chef!" Alicheka, akidhani namtania. "Basi sema na bale benye ma-ordinateur."

"Sibajue. Na bo habajue nini banachunga."

Kicheko kikamkauka. "Minye niliambiaka Mungu. Mungu alishasahabu, haikumbuke tena. Ile kitu yako haijue kusahabu?"

Mchungaji aliifuta anwani kwenye kundi, ingawa wengi walikuwa wameshatumiana. Niliwaandikia watengenezaji wa mtandao ule. Mmoja alinijibu kwa adabu kubwa, akafurahi pamoja nami kwamba mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Na kweli, hilo ndilo nililolipenda: mwenye nguvu asiweze kufuta sauti ya maskini. Bado nalipenda. Sijui tu nimweleze vipi maskini anayetaka kufuta sauti yake mwenyewe.

"Mama, umuambie weye mwenyewe, kabla hajasikia," nilimsihi.

"Nitaanzia wapi? Nitasema, 'Mutoto wangu, nilikufukuzaka kama mbwa'?"

Tulikuwa bado tunatafuta maneno ya kuanzia, tumeketi jikoni kwake, simu yangu ilipolia. Niliipokea kwa spika; alikuwa yule binti, ambaye huniita yaya, ndugu yake mkubwa.

"Yaya, niko nasikiliza sauti ya mama pa telefone. Anasema juu ya mutoto moja. Uko na mama pale?"

Mama mdogo alinitazama, akitikisa kichwa polepole. Nilimnyooshea simu. Hakuipokea.

"Yaya," binti akauliza tena, "ile mutoto ni nani?"