Pete za Udongo za Vern

Noelene Pascoe alikuwa mtu wa kujisikia, tuseme ukweli, na kazi aliijua. Katika kiwanda cha asidi cha mji wetu mdogo wa Australia Kusini, yeye ndiye aliyepima vijazo vya minara, yaani vile vipande vinavyojazwa ndani ili maji yanayoshuka yakutane vizuri na gesi inayopanda. Alikuwa na mnara wake wa kioo wa majaribio, maji yakimwagwa juu, hewa ikipulizwa chini. Kijazo kizuri huipisha hewa bila ubishi. Kibaya huibana, hewa ikayabeba maji, mnara ukafurika na watu wakalowa. Aliyefurisha mnara huleta keki wakati wa chai. Hiyo ndiyo sheria yetu, na haina rufaa.

Wiki ile vilishindana vijazo viwili: vipande vidogo vya kauri kutoka ng'ambo, vinavyoitwa matandiko kwa kuwa vimepinda kama tandiko la farasi, na pete za udongo za Vern Schirmer, mzee mwenye tanuri nyuma ya maghala ya ngano. Mshindi angejaza mnara mpya wa kiwanda. Vern alikwisha kusema kwamba akikosa kazi hiyo, tanuri atalizima.

Matandiko yalipita vizuri. Zamu ya pete ikaangukia Ijumaa mchana, wakati ambao mioyo ya watu wa kwetu huwa imeshatangulia uwanjani kutazama mpira. Sasa, pete za udongo hazimwagwi kavu. Mnara hujazwa maji kwanza, ndipo pete ziteremshwe polepole, zitue bila kugongana. Kuujaza kunachosha kwa kusubiri. Noelene akazimimina kavu, ndoo baada ya ndoo. Mnara ukafurika mapema mno, watu wakacheka wakasema hayo ndiyo mambo ya Vern, na Noelene akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, alipozitoa pete mnarani, alikuta vigae vya zilizovunjika vimejazana chini na kuziba njia ya hewa. Alivizoa, akavitupa pipani na kuvifunika kwa magunia. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Wakati wa chai Vern akaingia na sinia la keki za chokoleti na nazi. Habari zilikuwa zimemfikia.

“Pete zangu ndizo zilizowalowesha, kwa hiyo keki ni juu yangu,” alisema. “Nol, chukua wewe kwanza.”

Akachukua. Akaishika tu mkononi. Mtu mmoja akamuuliza Vern kama siku hizi anachomea pete zake kwa mshumaa, na Vern akacheka pamoja nao, macho yake yakiwa kwenye sinia. Kicheko kile Noelene hakukiweza.

“Vern, nilizimwaga kavu,” alisema. “Zikavunjika. Leo asubuhi nimeona vigae, nikavificha.”



“Kavu?” Vern aliuliza. “Si mimi mwenyewe niliyekufundisha?”

“Ni wewe.”

Msimamizi aliamuru jaribio lirudiwe siku ileile. Noelene aliujaza mnara maji, akateremsha pete kopo kwa kopo mpaka mgongo ukamuuma, kisha akayapunguza maji na kuanza kuongeza hewa. Pete zilihimili vizuri kuliko Ijumaa, naye akawa anaziombea, kana kwamba zikishinda zitamsafisha. Lakini maji yakaanza kupanda kabla hewa haijafika kiwango ambacho matandiko yalikihimili. Zimeshindwa. Kwa kidogo tu, lakini zimeshindwa.

Vern alikuwa anasubiri nje, ndani ya pikapu yake. Noelene akamweleza, akitamani atukanwe ili apumue.

“Safari hii hakuna iliyovunjika?”

“Hata moja.”

“Basi sawa. Ijumaa nilimwambia mke wangu Lorna kwamba mumewe amezeeka akichoma takataka. Alilia. Ngoja nikamwambie zilikuwa pete nzuri, zimepitwa tu.” Akawasha gari. “Asante, Nol.”

Asante hiyo ilimchoma kuliko tusi. Noelene alibaki amesimama pale na nguo zake mbichi, hajui pa kuuweka uso.