Herufi Tano Mlangoni kwa Mama

Kituo cha mabasi kilicho mbele ya nyumba yetu, hapa mtaani Bwiza, kinaitwa Kwa Mama wa Sambusa. Hakuna aliyeitisha kikao kukiita hivyo. Mji wetu ndivyo ulivyo: ukikaa pahali pamoja na kazi yako, abiria watakugeuza kituo. Mama yangu alikaanga sambusa pale mpaka magoti yakamkatalia. Siku hizi anakaa tu barazani, na kila jioni konvwayeri, yule mkusanya nauli, akipaza sauti, "Mama wa Sambusa, nani anashuka?", mama hujibu, "Mi niko!" na kucheka peke yake. Hiyo ndiyo pensheni yake.

Basi wataalamu wa usafiri wa mji wakatuonea huruma. Wakaja na kibao cha bluu kilichoandikwa S.D.T.B.C. Maendeleo hayo, jamani! Nikamuuliza bwana wa tai aliyesimamia kazi, herufi hizi maana yake nini? Akanijibu kuwa ni kifupisho cha kitaalamu. Na kirefu chake? Kiko ofisini. Mungu awabariki, walau wanajua kilipo.

Makonvwayeri wakaamriwa watangaze jina jipya. Jioni ile wa kwanza akajikaza: "Es, de, te... be... nani anashuka?" Hakushuka mtu. Mama akaniuliza, "We, ule mutoto anaumwa meno?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza tena, polepole, "Kumbe mi siko tena?"

Nilikasirika. Kibao kile ningeking'oa kwa meno.

Kesho yake bwana wa tai akarudi kukagua kazi yake nzuri. Mvua ikamkuta, dereva wake haonekani. Akakimbilia barazani kwetu, akatugeuzia mgongo, simu sikioni. "Niko Es-De-Te-Be-Se!" Dereva hakuelewa. Akarudia kwa Kifaransa safi zaidi, kana kwamba tatizo ni lafudhi. Dereva bado yuko gizani. Suti imelowa, subira imekwisha, mtaalamu wetu akafoka:

"Apana, weye! Kuja hapa kwa Mama wa Sambusa!"

Nyuma yake, kwenye kiti chake, mama akaitika kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipoacha kukaanga:

"Mi niko!"

Bwana akaruka nusura aangushe simu. Mimi machozi yakanitoka. Na gari, wallahi, likafika hapo hapo.